Makundi ya Uwezo Darasani na Tatizo la Mtoto Asiyehamishwa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wakuu, maafisa elimu kata na walimu wa madarasa ya awali na msingi



Nimepewa mada ya upangaji wa wanafunzi katika makundi kwa kuzingatia uwezo wao. Waandaaji wameniomba nianze na maana ya dhana. Nitafanya hivyo kwa ufupi, kwa kuwa ukumbini humu hakuna asiyezijua.

Maana na aina

Kundi la uwezo sawa ni la wanafunzi wanaokaribiana kiwango katika stadi fulani. Kundi mseto huwachanganya walio mbele na walio nyuma ili wasaidiane. Mikondo ni kugawa darasa zima, A kwa wanaoelewa haraka na B kwa waliobaki, mwaka mzima na kwa masomo yote. Juu ya hapo kuna uchaguzi wa wanafunzi wa shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala. Hilo liko nje ya mamlaka yetu na siligusi. Faida na hasara zinazotajwa kila semina zimo kwenye vitini mlivyogawiwa.

Kwa nini tunahitaji makundi

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya chini yameupita mbali mno ule uwiano wa wanafunzi 45 kwa chumba. Mtaala wa KKK wa mwaka 2015 ulilenga kila mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili ajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, kila mwalimu wa Darasa la Tatu anao watoto wasioweza kuunganisha silabi, wameketi na wenzao wanaosoma hadithi nzima. Kuwafundisha wote ukurasa mmoja, kwa kasi moja, ni kuwaacha wengi wao.

Utafiti unaunga mkono makundi, lakini una masharti yake. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 121 za magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005. Shule zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe sehemu mbili. Karibu nusu ya shule ziligawa watoto kwa alama, nyingine ziliwagawa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele, na watoto wa kundi la chini walinufaika pamoja na wa kundi la juu. Wanaotumia utafiti huu kutetea mkondo A na mkondo B huacha jambo moja: walimu nao walipangwa kwa bahati nasibu. Hakuna mwalimu mkuu aliyechagua nani apelekwe kwa watoto wa chini. Katika shule zetu uchaguzi huo unafanyika kila Januari, na sote tunajua mwalimu hodari anapelekwa wapi.

Nchini India, shirika la Pratham hupima watoto wa darasa la tatu hadi la tano mmoja mmoja: herufi, neno, aya, hadithi. Kisha kwa saa moja au mbili kwa siku watoto huacha madarasa yao na kukaa kwa viwango. Katika jimbo la Haryana walimu wa serikali walitenga saa maalumu kwa kazi hiyo, na usomaji ukapanda. Katika jimbo la Uttarakhand walitoa mafunzo na vifaa bila kuwapanga watoto upya, na matokeo hayakusogea. Kilicholeta tofauti ni saa iliyotengwa na mtoto kukaa mahali anapostahili wiki hiyo.

Tatizo lenyewe

Sasa niombe uvumilivu wenu, Ndugu Mwenyekiti, kwa sababu hapa ndipo nimekuwa nikigonga mlango kwa miaka mingi. Makundi tunayaunda, ila hatuyabadilishi.

Mwezi Agosti niliingia Darasa la Tatu katika shule moja ya kata ya mbali. Ukutani palikuwa na karatasi ya manila yenye makundi manne, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na juu yake tarehe ya Januari. Jina la tatu katika Kundi la Nne lilikuwa la mtoto aliyehama na wazazi wake kabla ya Pasaka. Dawati la mwisho, karibu na mlango, aliketi msichana wa kundi hilohilo. Nilimpa kitabu cha Kiswahili. Alisoma aya nzima kwa sauti, akakwama mahali pamoja kwenye neno lenye ng', akarudi nyuma, akalipata, akaendelea. Mwalimu wake, mchapakazi ninayemheshimu, mwenye watoto 112 katika chumba kile, aliniambia: "Huyo ni wa Kundi la Nne, mwalimu. Hajui kusoma."

Msichana yule alijifunza kusoma kati ya Januari na Agosti, na shule haikuwa na namna ya kulijua hilo. Kwa miezi hiyo alipewa kazi ya kunakili silabi ubaoni wakati wenzake wa Kundi la Kwanza wakijibu maswali ya ufahamu.

Simlaumu mwalimu yule. Tuhesabu: kumpima mtoto mmoja kusoma ni kama dakika tatu. Watoto 112 ni zaidi ya saa tano na nusu, na wakati huo wengine wamekaa bila kazi. Anayo daftari la mahudhurio, daftari la alama, azimio la kazi na andalio la somo, na hakuna hata moja lenye safu ya kuandika kwamba mtoto amehama kundi. Mgeni akifika darasani, mimi nikiwemo katika majukumu yangu, huuliza kama makundi yapo. Yapo, yako ukutani, tunaweka alama ya vema.

Kundi la chini lina shida nyingine isiyosemwa. Tumeliita la uwezo mdogo, kumbe ndani yake yumo asiyeona ubao vizuri, yumo mwenye sikio linalotoka usaha, yumo aliyekuja shule akizungumza Kisukuma au Kimaasai peke yake, na yumo aliyekosa wiki nyingi msimu wa kilimo. Hawa hawafanani kwa lolote isipokuwa alama za siku moja. Tena mtoto aliye nyuma katika kusoma anaweza kuwa wa kwanza katika kuhesabu, hasa anayemsaidia mama yake sokoni kurudisha chenji. Kumweka Kundi la Nne kwa masomo yote ni kumnyima hata kile anachokiweza.

Kwa madarasa ya mitihani niseme kwa tahadhari, maana maamuzi mengine si yetu. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Katika vikao vyetu vya kata, hata hivyo, orodha za ufaulu bado zinasomwa kwa sauti, na mwalimu mkuu anayesomwa mwishoni atawapeleka walimu wake bora kwenye mkondo A. Tukitaka aache, tuanze na vikao vyetu.

Mapendekezo

Makundi yapangwe kwa stadi, si kwa mtoto mzima. Mtoto awe na kundi lake la kusoma na kundi lake la kuhesabu, na yasilazimishwe kufanana.

Kila kundi liwe na tarehe ya mwisho. Napendekeza wiki sita, kisha watoto wapimwe upya. Upimaji ugawanywe, watoto kumi kwa siku wakati wengine wanaandika, ili mwalimu wa watoto 112 aumalize kwa takribani wiki mbili na nusu bila kusimamisha vipindi.

Orodha za makundi zisibandikwe ukutani. Zikae kwenye daftari la mwalimu, kwa penseli.

Mwalimu mkuu ampeleke mwalimu hodari wa kusoma kwenye kundi la chini, na aandike sababu anapofanya kinyume. Pale ambapo walimu hawatoshi, shule itenge saa moja kwa siku ambapo Darasa la Tatu na la Nne wanakaa kwa viwango vya kusoma badala ya madarasa, na walimu wote waliopo waingie.

Kabla mtoto hajawekwa kundi la chini kwa mara ya pili mfululizo, aangaliwe macho na masikio, na mzazi aitwe kwa mazungumzo ya kawaida yasiyo ya kumtisha. Zahanati ya kata ihusishwe.

Kwa maafisa elimu kata na wadhibiti ubora: ulizeni ni watoto wangapi wamehama kundi tangu ziara iliyopita. Jibu likiwa hakuna, makundi hayo hayafanyi kazi hata kama yamepangwa vizuri. Vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) vya mwezi ujao vitumike kufundisha upimaji wa mmoja mmoja kwa vitendo, pamoja na watoto, badala ya kusomeana vitini.

Narudia, kwa kuwa hili ndilo linalosahaulika tukishapanda gari kurudi: makundi yapimwe upya kila wiki sita, na uhamisho wa kila mtoto uandikwe. Mfano wa safu moja ya kuongeza kwenye daftari la alama umeambatishwa. Hauhitaji bajeti, na unaweza kuchorwa kwa rula Jumatatu hii.