Mji Wetu Wasemewa na Nani Nairobi?

(Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha vijana hapa Mombasa. Wengi mliomba yaandikwe ili mpate kuyasoma tena. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nitaanza na aibu yetu wenyewe. Miaka kadhaa nyuma, barabara ya mtaani kwetu ilikuwa imeharibiwa na malori ya makontena. Mashimo, vumbi, na usiku hakuna taa hata moja. Siku moja mtoto wa jirani yetu akagongwa akivuka kwenda madrasa, akavunjika mguu. Mtaa ukachemka. Sisi vijana tukaandika mabango, tukaenda kwenye ofisi moja ya kaunti.

Pale tukakutana na mzee mmoja, afisa, mtu mpole. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia: "Wanangu, barabara hii si yetu, ni ya serikali ya kitaifa. Mwafikiri sisi tukitaka kitu Nairobi twafanyaje? Twaomba, kama nyinyi."

Tulitoka pale tumekasirika. Tukasema huyu mzee atuzungusha tu. Lakini lile neno halikunitoka kichwani. Kaunti nzima, yenye gavana na magari yenye bendera, yaomba kama sisi? Yaomba kwa nani? Na yaomba nini? Hayo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Kwanza tuelewe mji wetu. Zamani Mombasa ilikuwa na baraza la manispaa na meya. Tangu 2013 hakuna meya. Mombasa ni mji na ni kaunti kwa wakati mmoja, na anayeuongoza ni gavana pamoja na bunge la kaunti. Lakini si kila kitu mnachokiona mjini kiko chini ya gavana. Jedwali la Nne la Katiba ndilo lililogawa kazi. Zahanati, hospitali za kaunti, takataka, masoko, shule za chekechea, barabara za kaunti: hizo ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu: hizo ni za serikali ya kitaifa.

Na bandari je? Hapo pana utamu. Jedwali lilo hilo limeipa kaunti kazi ya feri na bandari, kisha likaondoa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na wa kimataifa. Sasa kwenye bandari kama Kilindini, kazi ya mmoja yaishia wapi na ya mwengine yaanzia wapi? Kwa muda mrefu viongozi wa hapa wamedai mji upate fungu kutokana na mapato ya bandari. Wenzao wa Nairobi wana majibu yao. Mambo kama hayo hayamalizwi kwenye jukwaa la kampeni. Yamalizwa na watunga sheria, au na mahakama.

Tena kuna pesa. Kaunti yakusanya ada zake za kuegesha magari, leseni na ardhi, lakini sehemu kubwa ya bajeti yategemea mgao unaotoka Nairobi. Katiba, kifungu cha 203, yasema kaunti zote 47 zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini sikilizeni vizuri: asilimia hiyo yahesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Yaani mapato ya miaka ya nyuma, si ya leo. Ndiyo maana kila mwaka kuna vita vya mgao. Asilimia 15 ni sakafu tu, na kiwango chenyewe hupatikana kwa kubishana.

Basi mji wabishania wapi?

Mlango wa kwanza ni Bunge la Kitaifa. Mombasa ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ongeza Mwakilishi wa Wanawake, wawe saba. Saba kati ya wabunge 349, bila ya Spika. Wakikubaliana wote, bado ni saba. Wakigombana wao kwa wao, kama tunavyowaona wakigombana, hata hao saba hawapo.

Mlango wa pili ni Seneti. Huku hesabu ni nyengine kabisa. Kifungu cha 96 chasema Seneti ipo kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Na kwa mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja. Nairobi yenye maeneo bunge 17 ina kura moja. Lamu yenye mawili ina kura moja. Mombasa moja. Kwa hivyo yule seneta mnayemuona kwenye harusi na mazishi, ndiye mtu mwenye sauti nzito kuliko wote kwa pesa za mji huu.

Mlango wa tatu ni Baraza la Magavana, lililoundwa kwa sheria ya 2012 ya mahusiano baina ya serikali. Gavana mmoja akipiga kelele ni mwanasiasa. Magavana 47 wakienda mbele ya kamati ya Seneti na waraka mmoja na takwimu zao, hapo wabunge hukaa wima.

Sasa niwape kisa cha kweli muone milango hii ikifanya kazi. Mwaka 2020 Seneti ilikuwa yatafuta fomula mpya ya kugawa pesa baina ya kaunti. Katiba yataka ifanywe hivyo kila miaka mitano. Kukaja pendekezo la kuipa uzito zaidi idadi ya watu. Kaunti zenye watu wengi zikafurahi. Lakini hesabu zilipopigwa, Mombasa ikajikuta kwenye orodha ya watakaopunguziwa, pamoja na Kwale, Kilifi, Tana River, Garissa, Wajir, Mandera na nyengine.

Mombasa peke yake ingefanya nini? Kura moja kati ya 47. Kilichofanyika ni kwamba maseneta wa kaunti zinazopoteza, na wengine waliowaonea imani, walijiunga pamoja. Wa pwani na wa kaskazini, wa vyama tofauti, wakakataa kwa sauti moja. Kikao baada ya kikao kikavunjika bila ya uamuzi. Tarehe 17 Agosti maseneta watatu, wa Kakamega, Bomet na Samburu, wakakamatwa na polisi siku ya kikao. Hata hivyo hawakulegea. Mwezi uliofuata, Septemba 2020, wakaafikiana: fomula ipite, lakini ianze pale mgao wa kaunti utakapoongezwa, ili isipatikane kaunti inayopata chini ya ilichokuwa ikipata. Mgao ukatoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka wa fedha wa 2021/22.

Mimi nayachukua mambo mawili hapo. Moja, hawakuomba kwa huruma, walipiga hesabu wakaonyesha nani atapoteza kiasi gani. La pili, walikuwa na ombi moja linaloeleweka: isipatikane kaunti itakayopoteza. Maneno mafupi kama hayo mtu aweza kuyashikilia miezi mitatu.

Sasa linganisheni na SGR. Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya bara ipandishwe kwenye treni, na ushuru na karatasi zimalizwe Nairobi. Nyinyi mwajua yaliyofuata. Madereva, mataniboi, mawakala wa forodha, mama wa chai kando ya yadi, wote waliguswa. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, wakaziita Jumatatu Nyeusi. Oktoba mwaka huo serikali ikatangaza kuisitisha amri. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba amri ile ilikwenda kinyume cha Katiba. Na Septemba 2022 Rais mpya, siku ile ile ya kuapishwa, akatangaza kazi hiyo irudi Mombasa.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tuulizane kama watu wazima: kilichorudisha kazi kilikuwa tangazo. Kilichoiondoa pia kilikuwa tangazo. Linaloletwa na tangazo laweza kuondoka na tangazo. Barabara ilisema, na mahakama ikasema. Mlango tulioubisha kwa uchache ni ule wa kutunga sheria, na huo ndio wenye kufuli imara.

Na kuna jengine linaloniuma zaidi, kwa sababu latuhusu sisi vijana. Juni 2024 tulitoka kupinga Mswada wa Fedha. Hapa Mombasa pia watu walitoka, na kuna nchini waliopoteza maisha yao, Mungu awarehemu. Rais akakataa kuutia saini. Sawa. Lakini pesa zilizokuwa zimetarajiwa kwenye ule mswada hazikuwepo tena, na serikali ikaanza kutafuta pa kukata. Mgao wa kaunti uliokuwa umeshapitishwa, bilioni 400.1, ukaletewa marekebisho ushuke hadi 380. Seneti ikakataa. Mabunge mawili yakavutana mpaka yakaunda kamati ya upatanishi, na mwisho wakakutana kwa bilioni 387.4.

Hizo ni karibu bilioni 13 zilizotoka kwenye kaunti zote. Hizo ni dawa za zahanati na mishahara ya madaktari. Wakati huo sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tumeshaweka mabango chini. Wangapi hapa walijua kwamba kuna kamati inakaa Nairobi kuamua hilo? Mimi mwenyewe, mratibu, nilijua kwa kuchelewa. Siwalaumu nyinyi bila ya kujilaumu mimi.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, tujue tarehe. Kufikia Februari 15 Hazina ya Kitaifa hupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, na Mswada wa Ugavi wa Mapato huja kipindi hicho hicho. Kufikia Februari 28 kaunti nayo hupeleka waraka wake wa mikakati ya fedha kwa bunge la kaunti. Aprili 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha makadirio ya bajeti. Mtu anayekuja kulalamika Julai amekuja sahani zimeshaoshwa.

Pili, tuwaulize wanaotusemea swali moja tu. Gavana, mwaka huu umeomba nini Nairobi kwa niaba yetu? Seneta, mswada fulani ulipigia kura gani? Wabunge wetu saba, mliwahi kukaa meza moja na gavana kabla ya Februari? Mtu akijibu kwa hotuba, mrudishieni swali.

Tatu, tusidanganyike na neno "maslahi ya Mombasa". Kila kiongozi akienda Nairobi hulibeba. Pesa zikija zikipotelea kwenye semina na safari, hayo yalikuwa maslahi ya nani? Tukidai Nairobi itupe haki yetu, tudai na hapa tuonyeshwe hesabu. Bila ya hivyo tutakuwa twapigania mifuko ya watu.

Nne, tujifunze kuomba. Na hapa narudi kwenye aibu niliyoanza nayo. Baada ya yule mzee, tuliandika ombi kwa Bunge. Kurasa tatu! Tulieleza mashimo, tulieleza mguu wa mtoto, tuliwatukana kidogo. Likarudi. Kijana mmoja wa sheria akatusomea, akacheka, akasema: "Mmelalamika vizuri sana. Lakini mwataka Bunge lifanye nini? Hamkusema."

Wallahi ilikuwa kweli. Kurasa tatu, hatukuomba kitu.

Kifungu cha 119 cha Katiba champa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria yataka liwe na adabu, lieleze mmeshakwenda wapi na mmejibiwa nini, liseme kama jambo liko mahakamani au haliko, liwe na majina, anwani, nambari za vitambulisho na saini. Na mwisho, liseme wazi mwaomba nini. Tena laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria imekubali. Bibi yako wa Majengo aweza kulisoma kabla ya kutia kidole.

Tukaandika upya. Ukurasa mmoja na nusu. Tulihesabu malori kwa siku saba, asubuhi na jioni, tukaambatanisha. Mama zetu wakatia saini. Safari hii likapokewa, likapelekwa kwenye kamati. Hatukupata yote. Tulipata matuta, na taa upande mmoja wa barabara. Upande wa pili mpaka leo ni giza, na faili bado tunalifuata. Yule mtoto sasa avuka bila ya kushikwa mkono.

Nilimtafuta yule mzee nimshukuru, nikaambiwa ameshastaafu. Lakini neno lake nimelishika. Kaunti nayo ni mwombaji mbele ya watunga sheria, na mwombaji husikizwa akija na ombi moja, na hesabu mkononi, na watu nyuma yake. Watu wenyewe ndio sisi.

Kwa hivyo kabla hatujaondoka, karatasi itapita. Andika jina la wadi yako na jambo moja, moja tu, unalotaka mji huu ulipeleke Nairobi kabla ya Februari. Tutayapanga na kuyapeleka kwa gavana, kwa seneta na kwa wabunge wetu saba, na tutaomba majibu kwa maandishi. Yatakayojibiwa na yasiyojibiwa, yote tutayaweka hapa mkayaona.