Jirani Hahitaji Kuwa Shujaa: Mazungumzo baada ya kutazama filamu "Le Havre"

Sitawachosha. Nimepewa dakika chache, na nimeona wengine washaanza kuangalia simu.

Filamu tuliyoitazama imetengenezwa na Aki Kaurismäki, mtu wa Finland, na ilitoka mwaka 2011. Jina lake ni jina la mji, Le Havre, bandari kubwa ya Ufaransa pale mto Seine unapoingia baharini. Kabla hamjaniuliza: ndiyo, kuna baa mle ndani, na sigara zinavutwa kama hazinunuliwi. Sisi hatukuifuata kwa hayo. Tumeifuata kwa sababu ya mtoto mmoja na mtaa mmoja.

Kwa waliochelewa, stori ni hii. Mlinzi wa bandari anasikia mtoto mchanga akilia ndani ya kontena. Polisi wanakuja na bunduki, wanafungua, wanakuta familia za Waafrika wamekaa kimya. Mvulana mmoja, Idrissa kutoka Gabon, anachomoka na kukimbia. Askari mmoja anamlenga, na ni mkubwa wao, Inspekta Monet, anayemzuia asifyatue. Kesho yake magazeti yanauliza kama huyo mkimbizi ana uhusiano na Al-Qaeda. Mtoto, jamani! Mtoto ambaye yuko ndani ya maji hadi kiunoni chini ya gati, na akimwona mtu swali lake ni moja tu: hapa ni London?

Aliyeulizwa ni mzee Marcel Marx. Kazi yake ni kupiga viatu rangi stesheni, na siku hizi watu wanavaa raba, kwa hivyo biashara imelala. Ana deni kwa mwoka mikate, ana deni kwa mwenye duka la mboga. Mwenye duka akimwona anatokea, anafunga mlango. Mkewe, Arletty, analazwa hospitali na kumficha mumewe kwamba ugonjwa ni mzito. Sasa niambieni, huyo ndiye mtu wa kumsaidia mkimbizi? Mtu ambaye hata mkate anakopa?

Ndiye huyo huyo. Na hapo ndipo nilitaka tusimame.

Tazameni vile msaada unavyotembea mle ndani. Hakuna mkutano, hakuna mwenyekiti, hakuna kamati ndogo ya kamati kubwa. Mwoka mikate anatoa mikate. Mwenye duka, yule yule aliyekuwa akifunga mlango, sasa yeye mwenyewe anatoa vyakula. Chang, mwenzake Marcel wa kazi, ambaye naye karatasi zake zina hadithi ndefu, anasaidia bila kuuliza mengi. Pesa za kumvusha mtoto ni euro 3,000 na hakuna mwenye nazo, basi wanamtafuta mwanamuziki mzee wa hapo mjini, Little Bob, aimbe watu wachange. Bob amenuniwa na mpenzi wake na hawezi kuimba. Basi Marcel anaenda kwanza kusuluhisha mapenzi ya wazee ndiyo mchango upatikane. Mlicheka sana hapo, na mimi pia nilicheka. Lakini kuna somo: hakuna aliyetoa asichokuwa nacho. Kila mmoja alitoa kile ambacho tayari kilikuwa mkononi mwake. Haba na haba hujaza kibaba, tumeimba hivyo tangu shule ya msingi. Shida ni kwamba kila mmoja wetu anangoja mwenye kibaba kizima ajitokeze.

Jambo la pili. Aliyempigia polisi simu kumchongea yule mtoto ni nani? Si mtu wa serikali. Ni jirani, mtu wa mtaa ule ule. Na aliyemwokoa mtoto dakika ya mwisho ni nani? Ni polisi. Monet anafungua mlango wa shimo la mashua, anamwona Idrissa kwa macho yake, anafunga, kisha anaukalia huo mlango mpaka wenzake waondoke. Kwa hivyo tuache ile hesabu rahisi ya kusema raia wote ni wazuri na maafisa wote ni wabaya. Kila mtu pale alikuwa na nafasi ya kuchagua, na kila mtu alichagua.

Kuna mwenzetu ameniambia, "Lakini hiyo ni filamu tu, maisha hayako hivyo." Ni hoja ya haki, tusiikimbie. Kwenye filamu hata Arletty anapona kwa muujiza na mti wa mcheri unachanua maua. Kaurismäki mwenyewe alijua dunia haiko hivyo kila siku. Mwaka 2017 alitoa filamu nyingine, "The Other Side of Hope", ya kijana Msyria anayeitwa Khaled aliyefika Helsinki. Mle ndani wapo pia majirani wema, lakini wapo na wanaomvamia Khaled kwa kisu. Le Havre inatuonyesha mtaa unavyoweza kuwa. Ile nyingine inatuonyesha gharama yake.

Na maisha halisi? Huko huko Ufaransa, kwenye bonde la Roya karibu na mpaka wa Italia, kuna mkulima wa mizeituni anaitwa Cédric Herrou. Alikuwa akiwapa wahamiaji chakula, usafiri na mahali pa kulala. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miezi minne cha nje. Hakunyamaza. Kesi ikafika Baraza la Katiba, na Julai 2018 baraza likasema kwamba udugu, lile neno la tatu kwenye kaulimbiu ya Ufaransa, ni kanuni ya kikatiba: mtu ana uhuru wa kumsaidia binadamu mwenzake kwa ajili ya ubinadamu, bila kujali karatasi zake. Kumvusha mtu mpaka kulibaki kosa, baraza halikufuta hilo. Lakini mwaka 2020 Herrou aliachiliwa na mahakama ya rufaa. Mkulima na shamba lake ndiye aliyelifanya neno lililoandikwa kwenye kuta za serikali lianze kufanya kazi.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu Kenya tuna wakimbizi tangu wengi wenu hamjazaliwa. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Na Aprili 2014 tuliona watu wakizolewa Eastleigh kwa maelfu na kupelekwa uwanja wa Kasarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Kwa hivyo swali la Idrissa si la wazungu peke yao.

Sisemi mkamfiche mtu kabatini. Kwetu iko Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na inakataza mtu kurudishwa mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Anayetafuta hifadhi anatakiwa ajitokeze kwa afisa husika mapema, ndani ya siku 30. Wengi hawajui, na wanaojua wanaogopa kwenda peke yao. Basi anza hapo. Wewe uliyesoma sheria, mweleze jirani haki yake. Wewe unayejua Kiswahili na Kisomali, kaa naye mkalimaniane. Wewe wa bodaboda, mpeleke ofisini na umngoje. Wewe mwenye duka, mwandike kwenye daftari kama unavyowaandika wengine. Na wewe usiye na chochote, angalau usiwe yule wa kupiga simu, wala usiforwadi ile meseji ya "wageni hatari mtaani" ambayo hujui imetoka wapi.

Moja la mwisho. Marcel alisafiri kumtafuta babu ya Idrissa kule alikozuiliwa. Mkubwa wa kituo akamkatalia, maana wewe mzungu una undugu gani na huyu mzee? Marcel akajibu bila kupepesa macho: mimi ndiye mwenye ualbino katika ukoo wetu.

Ukumbi wote ulicheka hapo. Lakini mtu akikuuliza kesho, huyu mgeni ni nani wako, wewe utajibu nini?

Maswali?