Cheti cha Tabia Njema kwa Ndugu Aliye Ughaibuni

Mazungumzo kwa wananchi wa Wilaya za Kibaha na Kisarawe



Katika nyumba nyingi za Mlandizi, Maili Moja, Maneromango na Mzenga yuko mtoto au ndugu anayeishi nje ya nchi. Siku moja hupiga simu na kusema: “Mama, ninaomba viza ya ukaazi, na wanataka cheti cha polisi kutoka nyumbani.” Familia huanza kuulizana, na mara nyingi wa kwanza kujibu ni mtu wa kati anayeahidi kukileta cheti hicho kwa siku mbili. Ni vyema, kabla ya kumpa mtu huyo fedha, tukajua cheti hiki ni nini, hutolewa na nani, na kosa dogo linaweza kugharimu nini.

Cheti cha tabia njema ni tamko la Jeshi la Polisi kuhusu kumbukumbu za jinai za mtu, baada ya alama zake za vidole kulinganishwa na zile zilizohifadhiwa. Kazi hiyo hufanywa kitaifa, chini ya Kamisheni ya Uchunguzi wa Kisayansi wa Makosa ya Jinai. Kwa hiyo barua ya mwenyekiti wa mtaa au ya mtendaji wa kijiji, hata ikiwa na mhuri mzuri kiasi gani, humtambulisha mtu tu. Haichukui nafasi ya cheti.

Jambo la kwanza ni kujua nchi inayoombwa viza inataka nini hasa, kwa kuwa masharti hayafanani. Marekani, kwa viza ya uhamiaji, humtaka mwombaji mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alete cheti cha nchi ya uraia wake ikiwa ameishi humo zaidi ya miezi 6, na cha nchi nyingine yoyote aliyowahi kuishi kwa miezi 12 au zaidi. Canada huhesabu kila nchi ambayo mtu mzima ameishi kwa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita. Australia nayo hutazama miaka 10, lakini kipimo chake ni miezi 12.

Tuchukue mfano. Binti wa Kisarawe amefanya kazi Muscat kwa miaka 3, na sasa anaomba ukaazi wa Canada. Atahitaji vyeti viwili: cha Polisi ya Kifalme ya Oman na cha Tanzania. Cha Oman, kwa kuwa ndiko anakoishi, kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kuwasilisha maombi. Cha Tanzania kiwe kimetolewa baada ya mara ya mwisho alipoishi hapa. Cheti alichochukua alipokuwa angali akiishi nyumbani, kabla ya kwenda Muscat, hakitamfaa. Asiyelijua hilo hulipa mara mbili.

Jambo la pili ni alama za vidole. Aliye nje si lazima apande ndege kwa ajili hiyo. Huchukuliwa alama za vidole vyote kumi katika nchi aliko, kwa polisi wa huko au kwa maelekezo ya Ubalozi wa Tanzania, kisha karatasi hutumwa nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti na picha. Hakikisheni karatasi ina jina na saini ya ofisa aliyezichukua, tarehe na mhuri wa ofisi yake. Wino ukitapakaa au kidole kisipobingirishwa kutoka upande mmoja wa kucha hadi wa pili, karatasi inaweza kukataliwa. Wenye vidole vilivyosuguliwa na jembe, saruji au sabuni wavipumzishe siku chache, wavioshe na kuvikausha kabla ya kuchukuliwa alama.

Jambo la tatu ni majina. Mtu huitwa Ramadhani katika cheti cha kuzaliwa, Ramadhan katika kitambulisho cha Taifa, na katika pasipoti jina la babu halimo kabisa. Sisi tunamjua kuwa ni yule yule. Ofisa wa uhamiaji hana namna ya kujua. Linganisheni nyaraka zote herufi kwa herufi kabla ya kuomba. Pakiwa na tofauti, tafuteni kwanza ushauri wa kisheria juu ya kiapo au masahihisho.

Jambo la nne ni fedha. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu, na mlipaji hubaki na stakabadhi. Anayetaka fedha ziende katika namba yake binafsi ya simu hakusanyi ada ya Serikali. Ndugu aliye nje akitaka mtu wa nyumbani amfuatilie, amwandikie barua ya idhini yenye majina kamili ya wote wawili, na ofisi husika iulizwe mapema kama itaipokea. Anayeombwa rushwa apige simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Ndugu wananchi, wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Huko ughaibuni madhara ni makubwa zaidi: anayebainika kutoa hati ya uongo Canada anaweza kufungiwa miaka 5, Uingereza, miaka 10, na Marekani anaweza kuzuiwa maisha yake yote. Mume hutengana na mke na mzazi na watoto, ilhali aliyeuza karatasi keshabadilisha namba ya simu. Mara nyingi aliyenunua hakuwa na kosa lolote katika kumbukumbu za polisi. Cheti halali kingemsafisha.

Kabla hatujaachana, nawaomba mkumbuke haya:

1. Soma masharti ya nchi husika, uorodheshe kila nchi uliyoishi na tarehe zake.
2. Hesabu muda kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kuwasilisha, ukiacha nafasi ya posta na ya karatasi kukataliwa.
3. Uliza kama cheti kitahitaji tafsiri, au uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje.
4. Hifadhi nakala ya kila karatasi na kila stakabadhi.
5. Usimtumie mtu usiyemjua picha ya pasipoti wala alama za vidole. Neno la siri likiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi.

Sasa nakaribisha maswali.