Haki za Mdaiwa Zisibaki Kabatini

Kenya haina uhaba wa sheria za kumlinda mdaiwa. Tatizo ni kwamba mwenyewe hazijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipohesabiwa kuwa haulipiki. Kanuni za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kuchokora majina kwenye simu ya mdaiwa na kuwatumia jamaa zake ujumbe. Tena Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, kuomba asamehewe. Barua ya kudai deni, hata hivyo, haikawii kutaja mnada. Haya mengine huyasikii.

Wakopeshaji watasema kumweleza mdaiwa haki zake ni kumfundisha kukwepa. Hoja hiyo haina mashiko: msamaha huo hupatikana mara moja tu, na aliyeficha mali, au aliyekopa akijua hana cha kulipia, hapewi. Benki Kuu iagize kila notisi ya deni itaje haki hizi, kwa Kiswahili, kabla ya tarehe ya mnada.