Mana ya Jana

(Mazungumzo ya Jumamosi jioni, baada ya chakula, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeagizwa niseme machache juu ya safari ya wana wa Israeli. Safari ile ilichukua miaka 40, na dakika nilizopewa ni kumi. Kwa hiyo nitaiacha Bahari ya Shamu, nitauacha hata mlima Sinai, nisimame mahali pamoja tu: jangwa la Sini, katika Kutoka sura ya 16.

Watu hawa walikuwa wametoka Misri mwezi mmoja kamili. Bahari walikwisha kuivuka, na nyimbo za ushindi walikwisha kuziimba. Sasa chakula hakuna, na wanakumbuka vyungu vya nyama vya Misri. (Fimbo za wasimamizi hawazikumbuki. Njaa ina namna yake ya kuchagua kumbukumbu.) Asubuhi yake, umande ulipoinuka, wakaona kitu kidogo cheupe kimetanda juu ya nchi, wakaulizana ni kitu gani. Kikaitwa mana, na jina lenyewe linalingana na swali lao la Kiebrania: nini hiki?

Kila mtu aliokota kipimo ambacho wafasiri wetu wamekiita pishi, ingawa si pishi yetu ya vibaba vinne. Kilikuwa kama lita mbili tu. Jua likiwa kali, mana iliyobaki chini iliyeyuka. Waliojaribu kuilaza hata kesho waliikuta ina mabuu na inanuka. Siku ya sita peke yake waliokota maradufu, kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza.

Tangu jana jioni nimekaa na wengi wenu. Nikimwuliza mtu habari za imani yake, hunieleza habari za kengele ya alfajiri, kwaya, kipaimara, na mwalimu aliyetufundisha Zaburi kwa moyo. Ni mambo mazuri, nami nayapenda. Lakini hiyo ni mana tuliyookota tungali na kaptula, na leo wengine wetu ni babu.

Sikusema kumbukumbu zitupwe. Musa alimwagiza Haruni ajaze pishi moja katika kopo, aliweke mbele za Bwana, ili vizazi vijavyo wauone mkate ule wa jangwani. Mana ya kopo lile iliwekwa itunzwe. Lakini hatusomi popote kwamba mtu alikula humo. Ilikuwa ya kutazamwa. Mkutano wetu huu naufananisha na kopo hilo.

Ndugu mmoja wa darasa letu ameniruhusu niseme neno lake bila kumtaja. Aliniambia kwamba tangu amzike mkewe hajasali, ila nyimbo za hapa bado anazikumbuka zote, na anaona aibu kurudi mikono mitupu baada ya kimya kirefu namna hii. Nilimjibu kwa sura hii hii. Mana ilishuka kwa watu walionung'unika. Wala hawakungoja kwanza watubu manung'uniko yao. Hakuna aliyeulizwa kama jana aliokota. Na walipopima, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Basi mtu aliyenyamaza miaka mitatu anaweza kuanza na sentensi moja, hata ikiwa ni ya kulalamika. Musa mwenyewe alilalamika sana njiani, tena mbele za Mungu.

Magari yetu yataondoka kesho saa tatu. Mimi nitakuwa kanisani saa kumi na mbili, kabla jua halijawa kali. Sitahubiri. Nitasoma sura hiyo polepole, kisha tutakaa kimya kidogo, na mwenye neno atasema. Ndugu yangu huyo ameniahidi atakuja. Nimemwambia aje na koti, maana baridi ya hapa mnaijua.