Waliochukua Ndio Watafute

Maneno ya Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani pale Songea, Jumatano tarehe 1 Novemba 2023, mmeyasikia. Ameinama mbele ya mashujaa wa vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, amekiri aibu, ameomba msamaha kwa niaba ya Ujerumani. Anayekuja kuomba radhi hafukuzwi mlangoni, nasi hatumfukuzi.

Wasiwasi wetu uko kwingine. Kuhusu kichwa cha Nkosi Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na ambaye kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, mgeni wetu alisema watajitahidi kukitafuta, lakini hawezi kuahidi kwamba kitapatikana. Kazi hiyo, tunaambiwa, ni ngumu.

Ngumu kwa nani? Waliochukua vichwa vya watu wetu walikuwa na maofisa, madaktari, masanduku na meli. Walikuwa na madaftari. Kule Berlin, Felix von Luschan alikusanya mafuvu ya watu kwa maelfu, yakapimwa kwa rula ili binadamu wapangwe kwa madaraja ya rangi. Leo wenye madaftari wanasema ni vigumu, na asiye hata na kipande cha karatasi ndiye anayehangaika. Hapana. Waliochukua ndio watafute.

Tazameni Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wenzake, watu 19 kwa jumla. Mjukuu wake amekwenda hadi Ujerumani, ametoa mate yake yapimwe vinasaba, na fuvu la babu yake bado halijaonekana. Mwezi Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba jamaa wa watu watatu kutoka Kilimanjaro, ambao mafuvu yao yamehifadhiwa huko, wamepatikana, mmoja wa watatu hao akiwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Tumefurahi pamoja nao. Lakini mafuvu yaliyochunguzwa huko Berlin, kutoka nchi zilizokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, ni 1,135. Zaidi ya 900 yanahusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Watatu kati ya hao wote! Wengine watasubiri mpaka lini?

Tunauliza kwa sababu tunaikumbuka habari ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles uliiamuru Ujerumani, katika kifungu cha 246, kurudisha fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga, Iringa, mwaka 1954. Miezi sita ikawa miaka 35, na huo ulikuwa mkataba wenye sahihi za mataifa makubwa. Ya Songea ni ahadi ya mdomo.

Na serikali yetu? Kwa miaka mingi familia ndizo zilizobisha hodi kwenye makumbusho ya Ulaya, kwa nauli za kuungaunga, huku ofisi zetu zikifuata nyuma. Tumelisema hili kwenye kipindi hiki na tutalisema tena: familia zisiachwe peke yao. Mazungumzo ya Tanzania na Ujerumani yakianza, wajukuu wa Songea na wa Meli wakae mezani, wasisomewe taarifa baada ya kikao. Marehemu hawa hawatolewi kwenye rafu ya Berlin ili waingizwe kwenye rafu ya Dar es Salaam. Wanarudi kuzikwa, pale watu wao watakapotaka, kwa mila ambazo watu wao watazichagua.

Kwa hiyo wizara inayohusika ipeleke ombi rasmi sasa, lenye tarehe, siyo mwakani. Gharama za utafiti, za vipimo, za safari na za mazishi, zote zilipwe na Ujerumani. Wabunge wa Ruvuma, wabunge wa Kilimanjaro, simameni bungeni muulize, na mkijibiwa kwamba suala linashughulikiwa, ulizeni tena! Wazee mnaojua nani alinyongwa wapi, na nani alizikwa bila kichwa, waiteni wajukuu wenu waandike majina. Andikeni yote. Yapelekeni Berlin, muwaambie waliochukua: haya ndiyo majina, sasa tafuteni.