Janga shuleni: mwalimu ahesabiwe peke yake
Oktoba 12, 2020 Kenya iliwarudisha shuleni wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Haukupita mwezi, shule mbili za Mombasa zikafungwa baada ya walimu kupatikana na virusi vya Corona. Takwimu zinazomtia mwanafunzi na mwalimu kapu moja huficha hatari inayomkabili mwalimu. Watoto wengi walipona bila hata kukohoa. Mwalimu wa miaka 55 mwenye kisukari angeweza kuishia kwenye oksijeni. Na vile vyumba vya walimu, jamani! Meza zilibanana, madaftari mkono kwa mkono, chai ikinywewa barakoa zikiwa kidevuni. Janga jingine likizuka, wizara husika itangaze maambukizi ya walimu peke yake, kila wiki.